Wanataka kufunga kijia chetu cha pikipiki msituni. Maoni yaandikweje mpaka yasomwe?

Baba Zawadi

Wakuu, salaam. Naleta jambo ambalo kwa wengine litaonekana dogo, ila mimi limeninyima usingizi wiki nzima, na usingizi wenyewe ninao wa kuokoteza kwa sababu nafanya kazi za usiku.

Nipo Colorado, huu mwaka wa kumi na moja. Nahudumia wazee katika makao yao. Binti yangu ana miaka kumi na minne, na tangu akiwa na tisa tunapanda pikipiki za milimani mimi na yeye, kwenye msitu wa taifa ulio mwendo wa saa moja na nusu kutoka tunapoishi. Kuna kijia chembamba, cha kupita pikipiki mojamoja. Kinaanzia kwenye maegesho ya changarawe, kinafuata kijito, kinavuka maji mara moja, halafu kinapanda katikati ya miti ya aspeni mpaka kwenye uwanda wa majani kule juu. Maili sita kwenda. Nyumbani akitoka shule ni simu na mlango kufungwa. Kule uwandani tukizima injini na kuvua helmeti, ananieleza mambo ambayo sijui ningeyasikia wapi kwingine. Mwaka jana ndipo aliponiambia kuna watoto shuleni wanamcheka lafudhi yangu, na kwamba yeye haoni haya. Nilikaa kwenye gogo nikashindwa hata kuvaa glavu.

Sasa tumekuta karatasi kwenye ubao wa matangazo pale maegesho. Ofisi ya msitu inapitia upya njia zote za vyombo vya moto za eneo lile. Kijia chetu kimependekezwa kifungwe kwa injini, kibaki cha miguu, farasi na baiskeli. Sababu zilizoandikwa ni mbili: udongo unaoingia kijitoni, na elki, wale kulungu wakubwa wa huku, wanaozalia karibu na uwanda. Badala yake watafungua barabara ya zamani ya kubebea magogo, pana, kwa vigari vya magurudumu manne. Kwetu hiyo haina maana. Ni vumbi na mwendo kasi, siwezi kumpeleka mtoto huko.

Nilikwenda kwenye mkutano wao. Ukumbi ulijaa. Ramani zimesimamishwa kwenye mbao, watumishi wana vitambulisho vifuani, watu wa pikipiki upande huu na watu wa mabuti ya kutembea upande ule, kama wageni wa harusi ya koo mbili zisizosalimiana. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Zamu yangu ilipokaribia, mzee mmoja akasimama akasema wapanda pikipiki wote ni waharibifu, hawana wanachopenda msituni zaidi ya kelele. Damu ikanipanda. Na Kiingereza changu kikikutana na hasira kinanikimbia chote. Nikaondoka bila kutamka neno.

Siku za kutuma maoni zimebaki ishirini na mbili. Nimeandika hivi mpaka sasa: "Tumetumia kijia hiki kwa miaka mitano. Ni haki yetu kama wengine. Tafadhali msikifunge." Nikiisoma naona ni barua ya kilio tu. Naomba kujuzwa: mimi nina kadi ya ukaazi, uraia bado, je naruhusiwa kuandika? Wanahesabu barua kama kura? Maana kama ni kura tumeshindwa, wale wa mabuti walikuwa wengi. Na kama si kura, mtu wa kawaida anaandika nini? Nawasilisha.

Kipanga

Mkuu usijichoshe. Hao wakibandika karatasi ujue uamuzi ulishapita kwenye meza. Maoni ni ya kutimiza utaratibu. Nunua trela, mpeleke mtoto jimbo jingine.

Fundi wa Njia

Baba Zawadi, pole na kazi. Nimefanya misimu minne na vikosi vya kutengeneza njia, Montana na Idaho. Mimi ni mtu wa shoka na sururu, sikuwahi kukaa ofisini, lakini nimekula chakula cha mchana na watu wa ofisini siku nyingi za kutosha kujua karatasi kama yako inakwenda wapi.

Uraia hauulizwi. Misitu ya taifa ni ekari milioni 193 za umma, na mtu yeyote anaweza kutoa maoni juu ya pendekezo kama hilo, mwenye pasipoti yoyote. Ila fahamu kwamba barua yako ikifika huingia kwenye kumbukumbu za wazi na yeyote anaweza kuiomba aisome. Kwa hiyo jina la binti usiliandike, wala shule yake.

Si kura. Hili ningependa uliamini kabla ya yote mengine. Barua elfu moja zenye maneno yaleyale hufungwa fungu moja na kujibiwa mara moja. Barua moja inayosema "mchoro wenu unaonyesha njia inavuka kijito mara moja, lakini ardhini kuna vivuko vitatu, na cha tatu ndicho kinachochafua maji" inabidi mtu avae buti aende akaangalie. Wao wana njia mamia za kukagua na watumishi wachache. Kuna vijia ambavyo mtumishi hajavikanyaga misimu kadhaa. Wewe umepita hapo miaka mitano. Unachokijua juu ya kile kivuko kina thamani kuliko neno "haki", kwa sababu "haki" hawana pa kuiandika kwenye uchambuzi wao.

Nitakupa nilichokiona kwa macho yangu. Kulikuwa na kinamasi kwenye njia moja ya farasi, watu wanakizunguka, njia imekuwa pana kama uwanja. Siku moja kiongozi wetu akatupeleka pale, mkononi ana barua ya mama mmoja mpanda farasi, ameitia ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua. Yule mama alikuwa ameandika: simameni kwenye jiwe jekundu lililopasuka, mkiwa mmeupa mlima mgongo, hesabuni hatua arobaini, tope linaanzia hapo na fimbo yangu imezama mpaka hapa, na picha ya fimbo ameiweka. Tukalitafuta lile jiwe. Tukahesabu hatua. Lilikuwa hapohapo. Tulijenga njia ya mbao juu ya kinamasi kwa siku nne na njia haikufungwa. Mama yule sikuwahi kumwona sura, lakini ile picha ya fimbo ninaikumbuka hadi leo.

Kwa hiyo Kipanga nakuheshimu, ila hapo hapana. Kweli kuna mapendekezo yanayopita kama yalivyoandikwa. Mengi pia hubadilika katikati, hasa pale mtu anapoleta jambo la ardhini ambalo halikuwa kwenye ramani.

Tena kuna sababu ya kuandika hata kama unaamini utashindwa. Kwa utaratibu wa pingamizi uliowekwa mwaka 2013, wakitoa rasimu ya uamuzi, anayeruhusiwa kuipinga ni yule aliyekuwa ametoa maoni mahususi kwa maandishi wakati muda wa maoni ulipokuwa wazi. Ukikaa kimya sasa, mlango huo unaukuta na kufuli. Soma tangazo lenyewe vizuri, tarehe na anuani zimo humo, na usisubiri usiku wa mwisho.

Fanya hivi: rudi kwenye kijia kwa miguu. Pikipiki iache nyumbani. Chukua futi kamba, simu ya picha, daftari. Nenda mpaka kivukoni ukae.

Dada wa Oregon

Kaka Baba Zawadi, naomba nikuite kaka. Mimi ni wa upande wa mabuti, na nitakuambia usilopenda, kwa heshima.

Natembea msituni peke yangu tangu mume wangu alipofariki. Naanza saa kumi na moja alfajiri ili nifike juu kabla ya watu. Kuna asubuhi nilikuwa nimekaa, elki majike saba wako ng'ambo ya bonde na ndama wawili, wanakula. Ikasikika pikipiki moja. Ilikuwa mbali sana, sikuiona kabisa, hata vumbi sikuliona. Vichwa vikainuka vyote kwa pamoja. Wakaondoka, ndama mmoja akaachwa nyuma kidogo akihangaika kwenye magogo. Aliyekuwa kwenye ile pikipiki pengine ni mtu mwema kama wewe, na hakujua kabisa kwamba amemfukuza mtu yeyote. Hakuwaona. Ndivyo injini ilivyo, aliye juu yake hawezi kusikia alichokivunja.

Na hili si hisia zangu peke yangu. Hapa Oregon, karibu na mji wa La Grande, kuna msitu wa utafiti unaoitwa Starkey, umezungushiwa uzio mkubwa, na watafiti waliwavisha elki vifaa vya kufuatilia mwendo wao. Wakapitisha watu kwa zamu: pikipiki za magurudumu manne, baiskeli, watembea kwa miguu, wapanda farasi. Elki waliwakwepa wote. Ila waliwakimbia wa injini mbali zaidi, wakifuatiwa na wa baiskeli, kisha sisi wa miguu na wale wa farasi. Kwa hiyo mimi mwenyewe simo nje ya lawama. Nikilisoma lile nilibadili njia yangu ya mwezi wa tano na wa sita, maana ndama huzaliwa mwishoni mwa Mei na katika Juni, na jike aliyezaa juzi hana nguvu za kukimbizwa kila Jumamosi.

Kama nitaandika maoni kuhusu msitu wenu nitaunga mkono kufungwa. Lakini nimesoma habari ya binti yako mara mbili. Sitaki aione milima kupitia dirisha la gari. Ningependa nikuulize: mnaanza kupanda mwezi gani? Na ekzosi yenu ni ile iliyotoka kiwandani?

Mzee Makabrasha

Vijana, nami niongeze ya nyuma kidogo, maana bila hayo barua inaandikwa gizani.

Zamani msitu wa taifa ulikuwa wazi kwa injini mahali popote pasipo na kibao cha kukataza. Mwaka 1972 Rais Nixon alitoa amri namba 11644 kwamba mashirika yenye ardhi ya umma yachague wapi vyombo vya moto vipite na wapi visipite. Mwaka 1977 Rais Carter akaikaza: mahali ambapo injini inaharibu sana udongo, mimea au wanyama, pafungwe mara moja. Utekelezaji ukasuasua miaka mingi. Mwaka 2003 mkuu wa Idara ya Misitu wa wakati huo, Dale Bosworth, alitaja vitisho vinne kwa misitu, na kimojawapo kilikuwa matembezi na michezo isiyosimamiwa, kwa maana ya njia za panya zinazochongwa na magurudumu. Kanuni ya kuchagua njia za vyombo vya moto ikatoka Novemba 2005. Tangu hapo mambo yamegeuka: kila msitu unatoa ramani ya vyombo vya moto, ni ya bure, nyeusi na nyeupe, haina hata mlima wa kupendeza macho, lakini ndiyo sheria. Njia isipokuwemo kwenye ramani hiyo, kwa injini imefungwa, hata kama hakuna kibao wala mnyororo. Ramani inataja pia ni chombo cha aina gani na kuanzia tarehe ipi hadi ipi.

Shika hapo kwenye tarehe, Baba Zawadi. Watu wengi wanadhani kuna kufungua na kufunga tu. Kanuni inaruhusu njia iwe wazi kwa msimu.

Na ulipouliza mtu wa kawaida anaandika nini, jibu kanuni yenyewe inalo. Inawataka wanaochagua njia walenge kupunguza mambo haya: uharibifu wa udongo, vyanzo vya maji na mimea, usumbufu mkubwa kwa wanyama na makazi yao, migongano kati ya injini na matumizi mengine ya msitu, na migongano kati ya vyombo vya moto vyenyewe kwa vyenyewe. Wanatazama pia kelele na moshi karibu na makazi ya watu. Ukiongelea vitu hivyo, kwa kijia chako, unaongea lugha ambayo msomaji wako analazimika kuijibu. Hilo la kuwapeleka wapanda pikipiki wadogo kwenye barabara moja na vigari vinavyokimbia ni mgongano wa aina ya mwisho niliyoitaja. Liandike.

Jambo jingine, wasikuchanganye na maeneo ya pori lililolindwa kwa sheria ya 1964. Humo injini haiingii, baiskeli pia, hata kikosi cha njia hukata magogo kwa msumeno wa mkono. Kama uwanda wenu haumo ndani ya mpaka huo, mjadala uko wazi.

Fundi wa Njia

Shikamoo Mzee. Umenikumbusha ule msumeno, watu wawili, huyu anavuta yule anaachia. Ukisukuma badala ya kuachia unaukunja na mwenzako anakutazama tu.

Niongeze la pesa, kwa sababu "hatuna fedha ya daraja" ndilo jibu la kwanza utakalopata. Tangu 1991 sehemu ya kodi ya mafuta ya vyombo vya nje ya barabara inarudi kwenye njia kupitia majimbo: asilimia 30 kwa njia za injini, 30 kwa zisizo za injini, 40 kwa zinazotumiwa pamoja na watumiaji wa aina mbalimbali. Na huko Colorado ada ya kibandiko unachobandika kwenye pikipiki kila mwaka inaingia kwenye mfuko wa jimbo unaolipia matengenezo. Ukipendekeza kitu, sema na fedha inaweza kutoka wapi. Usidai kwamba itapatikana, taja tu kwamba mifuko hiyo ipo.

Baba Zawadi

Nimerudi wakuu. Samahani kwa kimya cha siku tisa. Nimesoma kila mmoja wenu zaidi ya mara moja, nikamsomea na binti kwa sauti mezani.

Dada wa Oregon, nakujibu wewe kwanza, nawe nikuite dada. Tunaanza kupanda theluji ikiisha tu njiani, mara nyingi wiki ya mwisho ya Mei. Nilikuwa nalifurahia hilo, kuwa wa kwanza. Sikuwahi kufikiria nani mwingine yuko kule wakati huo. Na ekzosi, ya kwangu ni ya kiwandani, ina kizuia cheche kama inavyotakiwa msituni. Ya binti nilimnunulia mtu pikipiki iliyotumika, akawa ameshabadilisha ekzosi akaweka ya kelele. Kikomo cha kelele hapa ni desibeli 96, kipimo kikiwekwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba. Nilimpelekea jamaa mwenye kipimo. Ikasoma 101. Miaka miwili mtoto anapita msituni na kitu hicho, na mimi niko mbele yake na helmeti kichwani, nasikia ya kwangu tu. Nimetafuta ekzosi ya asili, nimeifunga Jumatano, sasa inasoma 92.

Jumamosi tukaenda kwa miguu. Fundi, ulichosema ni kweli, kutembea ni kitu kingine kabisa. Maili ya kwanza, ambayo kwa pikipiki sijawahi hata kuikumbuka, ilituchukua dakika hamsini. Binti ndiye alikuwa na daftari.

Kivukoni nilishika futi kamba. Kijia kabla ya maji kina upana wa sentimita sitini na tano. Kikifika ukingoni kinapanuka mpaka mita nne na sentimita ishirini, kwa sababu kila anayeona tope anapita pembeni ya tope, na pembeni nako kunakuwa tope. Nimo katika hao. Kuna alama za tairi zangu pale, nazijua kwa meno yake. Na juu kidogo, nyuma ya vichaka, tukakuta njia ya panya ambayo haimo kwenye ramani yoyote: vigari vya magurudumu manne vinakata kona kutoka barabara ya magogo vinaingia majini moja kwa moja. Magurudumu yamechimba mfereji wa kuingia goti. Maji ya mvua yanaufuata mfereji huo mpaka kijitoni. Tulipiga picha, futi kamba ikiwa imelazwa ndani.

Tukakaa kama ulivyoelekeza. Wakapita wapanda pikipiki watatu. Maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Binti akaanza kuhesabu kwa saa. Dakika kumi na moja mpaka tukaona tena mawe ya chini. Ila tope lilikuwa limeshatulia pale bondeni kidogo, penye changarawe ndogondogo. Nikaingiza mkono. Vidole vilizama kwenye uji laini mpaka kwenye kiungo cha pili kabla ya kugusa jiwe. Binti akasema somo la sayansi waliambiwa trauti wa asili wa huku hutaga kwenye changarawe safi na mayai yanahitaji maji yapite katikati yake. Sikuwa na la kumjibu. Tulikaa kimya muda mrefu, mkono wangu umekufa ganzi kwa baridi.

Halafu tukapanda kijito hatua mia moja na themanini, binti anahesabu, tukakuta mahali kingo zote mbili ni mwamba. Umbali wa mwamba kwa mwamba ni mita tano na nusu. Daraja dogo la mbao, upana wa pikipiki moja tu, lingekaa pale na hakuna tairi ambalo lingegusa maji.

Nimeandika barua upya. Kwanza nimeiandika kwa Kiswahili chote, ndipo mimi na binti tukaigeuza mstari kwa mstari. Sehemu yake ni hii:

"Mimi ni mpanda pikipiki na nimekuwa nikitumia kijia hiki na mwanangu kwa miaka mitano. Nakubaliana nanyi kwamba udongo unaingia kijitoni, na nimepima. Lakini pendekezo halikutaja njia isiyo rasmi inayoanzia barabara ya magogo na kuingia kijitoni juu ya kivuko, picha ya kwanza hadi ya tano. Mkifunga kijia kwa pikipiki na kufungua barabara ile kwa vigari bila kuziba njia hiyo, udongo utaendelea kuingia, labda kwa wingi zaidi. Naomba mchambue mbadala wa tatu: kijia kibaki wazi kwa pikipiki kuanzia Julai 1, baada ya elki kuzaa, kivuko kihamishwe kwenye mwamba ulioonyeshwa kwenye picha ya nane kwa daraja la upana wa pikipiki moja, kivuko cha sasa na ile njia isiyo rasmi vizibwe kwa magogo na mawe na kupandwa upya. Mpaka daraja lijengwe, nakubali kijia kifungwe kwa injini pale kivukoni. Barabara ya magogo haiwezi kuchukua nafasi ya kijia hiki kwa wapanda pikipiki wadogo, kwa sababu watachangia njia na vigari vizito vyenye mwendo mkubwa kuliko wao."

Ile sentensi ya kufunga mpaka daraja lijengwe ilinichukua usiku mzima kazini. Niliiandika, nikaifuta, nikaenda kumgeuza mzee mmoja kitandani, nikarudi nikaiandika tena. Wenzangu wa pikipiki niliowaonyesha wawili wamekasirika, mmoja ameniambia nimewauza. Lakini mkono wangu uliingia kwenye lile tope. Siwezi kuandika kwamba halipo.

Dada wa Oregon

Kaka, nimesoma nikiwa kituo cha basi, nikalia mbele za watu.

Julai 1 ni tarehe nzuri. Ongeza jambo moja: omba uzio mdogo au magogo pale uwandani mnapoegesha, ili mtu asiende na pikipiki mpaka katikati ya majani. Nami nitatuma maoni yangu kwenye msitu wenu. Nilisema nitaunga mkono kufungwa. Nitaandika kwamba naunga mkono huo mbadala wa tatu, mradi kufungwa kwa msimu kuwe na lango la chuma la kweli, kibao peke yake hakimzuii mtu.

Kipanga

Mkuu, nimesoma. Hizo picha zitume na nakala ubaki nazo.

Mzee Makabrasha

Kijana wangu, umeandika vizuri. Weka tarehe na saa ya kila picha, na kwenye ramani yao weka alama ya X kwa kalamu pale mwambani. Msomaji asiulize "wapi?" hata mara moja.

Baba Zawadi

Shikamoo Mzee. Nimefanya hivyo, na lango la dada nimeliingiza, na magogo ya uwandani. Barua imekwenda leo saa nne asubuhi nikitoka kazini, zimebaki siku kumi na moja. Nimepata ujumbe wa kuthibitisha kupokelewa wenye namba, nimeunakili kwenye lile daftari la binti, ukurasa uleule wa vipimo vya kivuko.

Kumbe na mmoja wa wale waliokasirika amenipigia mchana. Anataka kwenda kuona njia ya panya kwa macho yake. Tunakwenda Jumapili, kwa miguu. Fundi wa Njia, ofisi ikikubali watu wa kujitolea kuziba ile njia, nimesikia msumeno wa mashine msituni unahitaji mtu mwenye cheti. Mafunzo yake yanachukua siku ngapi, na anaanzia wapi mtu ambaye hajawahi kushika hata shoka la huku?